Watu Hawamwandikii Aliyepata

Tarehe 3, mwezi wa tano

Kwako Fundi Miwani,

Nakuomba, na ningekuwa mbele yako ningepiga magoti, usimsomee mtu yeyote barua hii. Usimwoneshe Mzee wa duka. Usimwoneshe yule shoga yako wa saluni. Usiiache kwenye droo ya skrubu ambamo uliniambia unaficha barua zangu. Ukimaliza kuisoma ichome, au itafune, lakini isibaki. Likitoka neno moja tu humu, mimi sina kazi, na ile fomu ya siri niliyotia saini siku ya kuajiriwa inasema wanaweza hata kunifikisha mahakamani. Nimeisoma upya leo asubuhi. Inasema hivyo mara mbili.

Umezoea kupokea barua zenye saini ya Mwavuli. Mwandiko wake ni huu huu unaousoma sasa. Mimi ni karani wa chumba cha barua katika jarida linalochapisha ile manga, hadithi ya picha za kuchorwa, unayoipenda. Hapa kwetu kuna desturi ya miaka mingi: msomaji akimwandikia mhusika wa kwenye picha, mhusika mwenyewe ndiye humjibu. Hakuna barua inayoachwa bila jibu. Basi mimi asubuhi huwa Kinanda, msichana apigaye kinanda anayependwa na wanaume wawili. Mchana huwa Mwavuli, yule kijana anayemletea mwavuli kila mvua ikinyesha. Na mara moja moja, nikibahatika, huwa Kapteni, nahodha wa timu mwenye nywele za kuangukia jicho, aliyesahau siku ya kuzaliwa ya msichana mara tatu na bado msichana anamlilia.

Najua unajua kwamba Mwavuli ni mtu wa kuchorwa. Lakini katika barua yako ya tano ulisema unaamini anayekujibu ni Mchoraji mwenyewe, mama aliyeitunga hadithi na anayeujua mwisho wake. Nilipaswa kukusahihisha. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba desturi ndiyo inayonifunga mdomo.

Kisha mwezi wa tatu ukaniuliza swali lako. Uliandika kwamba wewe ndiye Mwavuli wa huko kwenu. Mwalimu unayempenda anakuja dukani kila mara mkono wa miwani yake unapolegea, anakaa kwenye kile kiti cha mteja, anakusimulia habari za Mfamasia wa ng'ambo ya barabara, nawe unakaza skrubu na kumwambia maneno ya kumfariji. Uliandika pia kwamba hospitali ya macho ya mji mwingine imekupa nafasi katika karakana yake, miaka miwili ya mafunzo na kazi juu yake, na wanataka jibu kabla ya tarehe thelathini ya mwezi huu wa tano. Ukauliza: niende, au nikae?

Nikakujibu: "Kaa. Anayekuwepo siku zote ndiye anayeonekana mwishoni."

Fundi, Mwavuli haonekani mwishoni. Jumatatu iliyopita nilitumwa kupeleka bahasha kwa wapiga chapa na nikaziona karatasi za matoleo matatu yajayo. Katika toleo la hamsini na mbili, Mwavuli anamsindikiza Kinanda hadi kituo cha treni, anamkabidhi kwa Kapteni, anatabasamu, na anaondoka peke yake. Kurasa mbili nzima za tabasamu.

Nimesoma manga za mapenzi tangu nikiwa shule, na kwa kazi hii nimesoma mia kadhaa zaidi. Mpenzi wa pili, yule asiyechaguliwa, huwekewa milango mitatu tu ya kutokea. Ama anageuzwa mbaya ghafla, anaanza kuiba barua na kusema uongo, ili tusimwonee huruma. Ama anapata masomo nchi ya mbali. Ama anapewa rafiki wa msichana, kama kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi cherehani. Hakuna wa nne. Mimi niliyajua haya, na bado nikakwambia ukae.

Kwa hiyo nakusihi: nenda hospitali. Tarehe thelathini haiko mbali. Barua yako ya mwisho ilisema umeshaandika ya kukataa. Kama hujaipeleka posta, usiipeleke.

Samahani kwa mwandiko. Naandikia magotini, chini ya meza.

Karani wa Barua

---

Tarehe 9, mwezi wa tano

Karani,

Kumbe.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye mashine ya kusaga vioo, na lenzi ya mteja imepasuka mkononi mwangu. Mzee wa duka akauliza, "Binti, kuna nini?" Nikasema vumbi limeniingia machoni. Akasema, "Fundi wa miwani unashindwa na vumbi?" Wamecheka dukani mpaka mchana. Hiyo nakudai.

Miezi saba! Miezi saba namwagia moyo wangu mtu, nikidhani ni mama mwenye miaka hamsini, mwenye busara, kakaa na kalamu yake, anaijua dunia. Kumbe ni kijana mmoja kwenye chumba cha barua anayeogopa hata fomu. Wewe una miaka mingapi? Usinijibu. Nikijua nitacheka vibaya zaidi.

Barua ya kukataa bado ninayo. Nilikuwa naipeleka posta Ijumaa, mvua ikanizuia. Kwa hiyo hata bila wewe mvua imenisaidia kuliko Mwavuli.

Sasa nikuulize, kwa kuwa wewe ni bingwa wa milango mitatu. Mwalimu alikuja jana. Safari hii mkono wa miwani haukulegea, umevunjika kabisa, alisema ameulalia. Miwani ya mtu haiharibiki mara nne kwa mwezi, Karani. Ama haoni, ama anatafuta sababu ya kuja. Mimi nimekuwa nikishika hiyo sababu ya pili. Akakaa, akanywa maji yangu, akaniambia kagombana na Mfamasia. Nikamwambia, "Pole, mpe muda." Akanishika bega akasema, "Dada yangu, wewe usingekuwepo sijui ningekwenda wapi."

Dada yangu. Kwenye hizo manga zako mia kadhaa, mtu akiitwa dada namna hiyo, kuna aliyewahi kupona?

Shoga yangu wa saluni (sijamwonesha barua, tulia) anasema nikae tu, kwa sababu wamegombana, na wakiachana mimi ndiye niliye karibu. Wewe mwezi wa tatu ulisema nikae. Sasa unasema niende. Huku unaniambia usiamini maneno yangu ya zamani, huku unataka niamini mapya. Mtu ageukaye hivyo huwa anataka kitu. Unataka nini, Karani?

Na jambo jingine, nimeligundua nilipozipanga barua zako zote mezani. Watu wote huniita dada. Mzee wa duka akiwa na haraka, wateja, tarishi, sasa na Mwalimu. Wewe peke yako hujawahi. Ni Fundi tu, tangu ya kwanza. Kwa nini?

Fundi Miwani

---

Tarehe 14, mwezi wa tano

Kwako Fundi Miwani,

Nina miaka ishirini na minne. Umesema nisijibu lakini sipendi kuacha swali bila jibu, ni ugonjwa wa kazi.

Kuhusu kuitwa dada: hapana, sijaona aliyepona. Nimepitia mafaili kwa siku mbili ili nikupe jibu la hakika. Kuna mmoja aliyeitwa "rafiki wa kweli" akapona, lakini ilikuwa hadithi fupi, na mchoraji aliugua kabla ya kuimaliza.

Kuhusu ninachotaka: nataka usiharibikiwe kwa sababu ya neno langu. Hilo tu. Nikisema zaidi utaona ninakuongoza tena, nami sina haki ya kumwongoza mtu hata kuvuka barabara.

Nakuita Fundi kwa sababu ndivyo unavyotia saini. Nakala na faili vifanane, ndivyo tulivyofundishwa.

Tafadhali usiniandikie tena kwa anwani ya ofisi. Mhariri ameanza kupita chumbani kwangu, ananyanyua bahasha, anazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Jana aliniuliza, "Karani, mbona huyu fundi miwani anapata majibu marefu kuliko wengine?" Nikamwambia ana maswali marefu. Akasema, "Hm." Sijalala vizuri tangu hiyo "hm". Barua za Karani zipeleke kwa shangazi yangu, anwani iko nyuma ya karatasi hii. Yeye haulizi kitu, na miwani yake mwenyewe imefungwa uzi, hawezi kusoma hata akitaka.

Zimebaki siku kumi na sita. Andika ya kukubali. Nakusihi.

Karani wa Barua

---

Tarehe 17, mwezi wa tano

Mpendwa Mwavuli,

Najua hupo. Niache niseme tu.

Kuna mtu huko ofisini kwenu amekuwa akikusemea. Sina ugomvi naye tena, lakini leo nataka kuongea na wewe, siyo yeye, ndiyo maana naiandika kwa jina lako na naipeleka kwenye anwani yako.

Nimeambiwa kwamba katika toleo la hamsini na mbili utamkabidhi Kinanda kwa Kapteni pale kituoni, na utatabasamu kurasa mbili. Pole sana. Nataka uje ukijua, ili usishtukizwe kama mimi. Na ukifika pale, Mwavuli, usitabasamu. Kama huwezi kumzuia, angalau usitabasamu. Watu wakituona tunatabasamu wanadhani haikuuma, halafu wanaleta miwani nyingine.

Mimi nimetabasamu vya kutosha. Jana Mwalimu kaniuliza pete ya namna gani inampendeza mwanamke mwenye vidole vyembamba. Nikamtajia. Nikamchorea kabisa, kwenye karatasi ya vipimo vya macho.

Ni mimi, mwenzako,
Fundi Miwani

---

Tarehe 22, mwezi wa tano

Kwako Fundi Miwani,

Hukukosea. Kosa ni langu, kwa sababu kuna desturi ya pili ambayo sikukuambia.

Kila Ijumaa saa nne asubuhi wafanyakazi wote hukusanyika kwenye meza kubwa na chai. Barua za wahusika zilizofika asubuhi hiyo huwekwa kapuni bado zimefungwa, inachaguliwa moja bila kuangalia, na karani anaifungua na kuisoma kwa sauti ili wachoraji wasikie sauti za wasomaji. Ijumaa iliyopita mkono ulioingia kapuni ulikuwa wa Mchoraji mwenyewe. Akatoa bahasha, akasema, "Ya Mwavuli, kama kawaida," akanipa.

Niliufahamu mwandiko wako kabla sijaichana. Ningeweza kuanguka. Ningeweza kusema tumbo linaniuma. Badala yake nilifungua nikaanza kusoma, kwa sababu ndiyo kazi yangu na watu ishirini na wawili walikuwa wananitazama.

"Najua hupo. Niache niseme tu." Mtu mmoja akasema, "Ah, huyu anaandika vizuri." Nikaendelea. Pale uliposema kuna mtu ofisini anayekusemea, nilikohoa nikaruka mstari. Halafu nikafika kwenye "Nimeambiwa kwamba", na nikaona maneno yanayofuata yananijia kama lori. Nikasoma: "Nimeambiwa kwamba... mvua itanyesha." Nikaruka hadi "usitabasamu", na ya vidole vyembamba, na saini.

Walipiga makofi, Fundi. Msichana wa chumba cha rangi alikuwa anafuta macho. Mhariri akasema barua kama hizi ndizo zinazotulisha. Mchoraji akanyoosha mkono. "Nipe hiyo, nitaibandika juu ya meza yangu."

Nikasema, "Mama, lazima niiandike kwenye daftari kwanza."

"Utaiandika Jumatatu. Lete."

Nikampa. Ungekuwepo ungenidharau. Nilimpa kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari.

Ijumaa nzima Mchoraji hakuniita. Jumamosi hakuniita. Leo Jumatatu akaniita. Barua yako iko ukutani, imebandikwa kwa pini nne. Akaniambia nikae.

"Mvua iko wapi humu?" akauliza.

Nikaangalia zile pini nne.

"Nimechora nyuso za watu wanaoficha jambo kwa miaka kumi na miwili, Karani. Wako haukunipa shida hata kidogo. Ulimwambia wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari yako, bila jina. Alisikiliza, akichonga penseli. Nilipomaliza sijui nini kilinipata, kwa sababu mimi si mtu wa namna hiyo, lakini nilimwomba aubadilishe mwisho. Nilisema, "Mpe Mwavuli msichana, Mama. Mara moja tu. Wako watu wanaosubiri."

Hakukasirika. Hilo ndilo baya. Aliuliza, "Kapteni amepata barua ngapi tangu tuanze?"

"Tisa."

"Na Mwavuli?"

"Elfu mbili na mia nne na ushee."

"Unaona. Watu hawamwandikii aliyepata. Nikimpa msichana, wiki inayofuata Mwavuli ana barua tisa na mimi sina hadithi. Namnyima kwa sababu wanampenda, Karani. Asingependwa ningemwacha apate." Akapuliza vumbi la penseli. "Hata mimi huwa nalia. Usidhani silii. Lakini karatasi zimeshakwenda kwa wapiga chapa."

Nikauliza kama atamwambia Mhariri. Akasema hana sababu. Nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha akasema, kama mtu aliyesahau kutaja bei ya vitunguu, kwamba Mhariri alipita Jumamosi, akasimama pale ukutani, akasoma yote.

Nafanya kazi hadi mwisho wa mwezi. Mahakamani hawanipeleki, Mhariri amesema sina thamani ya wakili. Mchoraji alikuwepo chumbani wakati naambiwa. Aliangalia dirishani.

Sikulaumu. Nasema kwa sababu ungekuja kusikia, na ungedhani nimekasirika ndiyo maana sikukuambia. Zimebaki siku nane. Umeandika ya kukubali? Nijibu hilo tu, neno moja, hata kama hutaki kunijibu mengine.

Karani wa Barua (hadi tarehe thelathini na moja)

---

Tarehe 27, mwezi wa tano

Karani,

Nimekubali.

Hilo ndilo neno ulilotaka. Sasa niongeze mengine, maana nimekufukuzisha kazi na siwezi kukulipa kwa neno moja.

Nilipoipata barua yako nililia kwenye chumba cha nyuma mpaka Mzee wa duka akaingia na kitambaa cha kufutia lenzi. Akasema, "Kitumie tu, ni kipya." Nikamwambia nimemponza mtu ambaye sijawahi kumwona. Akasema, "Basi huyo mtu alikuwa mzembe." Nikamwambia hapana, alikuwa mwangalifu kupita watu wote. Akaitikia kwa kichwa kama daktari. "Hao ndio wanaoumia," akasema, akarudi mbele kuuza fremu.

Siku hiyohiyo saa kumi Mwalimu akaja. Hakuleta miwani. Alikuwa ameivaa, nzima. Moyo wangu ulifanya ujinga wake. Nikamwambia kuna kazi hospitali ya macho, mji mwingine, miaka miwili, labda na zaidi. Nilisema taratibu ili awe na muda wa kusikia.

Akashtuka kweli. Akasema, "Usiondoke, dada. Nani atanitengenezea miwani?"

Nikangoja sehemu iliyobaki ya maneno yake. Nilingoja kwa heshima zote, Karani. Nilifunga kisanduku cha skrubu, nikafuta meza, nikapanga koleo zangu kwa ukubwa. Hakukuwa na sehemu iliyobaki. Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Kisha akaniuliza kama nitakuwepo siku ya harusi, kwa sababu Mfamasia amekubali ile pete niliyochora.

Nikaandika ya kukubali papo hapo, yeye akiwa kakaa kwenye kiti cha mteja, na nikamwomba asogee ili nipite kwenda posta.

Kwa hiyo usijione umeniokoa, na usijione umeniponza. Sikwenda kwa sababu yako wala ya Mwavuli. Lakini nataka ulijue hili: katika habari hii yote, wewe ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli huku ana kitu cha kupoteza. Shoga yangu alinifariji, Mzee alinihurumia, Mwalimu alinitumia. Wewe ulisema kweli na ukakipoteza. Nitakapokuwa huko nikiwafikiria watu waaminifu, nitakuwa na mmoja wa kuanzia.

Naondoka keshokutwa alfajiri. Sikupi anwani. Usinielewe vibaya. Nimekuwa mtu wa kumsubiri tarishi kwa miezi saba, na mtu wa kusubiri kengele ya mlango wa duka kwa miaka mitatu. Nataka nikae mahali ambapo sisubiri kitu.

Nilikuuliza unataka nini, ukanijibu kama faili. Nikakuuliza kwa nini huniiti dada, ukanijibu kama faili. Nimeamini majibu yako, kwa sababu mtu kama wewe angekuwa na jambo jingine angelisema mapema.

Kaa salama, Karani. Utapata kazi nyingine. Mwandiko wako ni mzuri.

Fundi Miwani

---

Tarehe 30, mwezi wa tano

Kwako Fundi Miwani, kwa mkono wa Mzee wa duka

Barua yako nimeipata jana jioni kwa shangazi. Wewe ulikuwa umeshaondoka alfajiri yake. Naituma hii dukani nikitumaini Mzee anajua uliko na ataipeleka, na kama hajui, basi ataisoma yeye, nami sina namna ya kumzuia. Shikamoo, Mzee.

Fundi, umeniita mwaminifu. Ungeniita kitu kingine chochote, mwoga, mzembe, mtu wa faili, ningekaa kimya na ungebaki na picha nzuri. Lakini hilo siwezi kulibeba.

Karatasi za toleo la hamsini na mbili sikuziona mwezi wa tano. Niliziona mwezi wa pili. Mchoraji huchora mapema, na mimi ndiye huzipeleka. Ulipouliza mwezi wa tatu kama uende au ukae, nilikuwa nimeshajua kwa wiki sita kwamba Mwavuli anaachwa. Nilijua, na nikaandika "Kaa." Sikukosea. Nilikudanganya.

Nilifanya hivyo kwa sababu karakana ya hospitali isingekuwa na droo ya kufichia barua, na Mwalimu asingekuwepo, na ungekuwa huna la kumwambia Mwavuli. Barua zingekwisha. Hiyo ndiyo sababu yote. Nilikuwa nazisubiri Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa nafika kazini saa kumi na mbili u nusu ili nizipate kabla hazijachanganywa na nyingine. Ukiandika kwamba Mwalimu amekuumiza, nilikuwa nasikitika, na chini ya masikitiko nilikuwa nafurahi, kwa sababu ukiumia unaandika kurasa nne, na ukifurahi unaandika moja.

Mwezi wa nne uliposema umeandika barua ya kukataa, ndipo nikaogopa. Nilikuona umekaa kwenye kile kiti chako miaka kumi mingine, unakaza skrubu, kwa ajili yangu. Nikachukua kalamu. Hata hapo sikuweza kusema yote, nikasema "Jumatatu iliyopita".

Nilikwambia juu ya milango mitatu. Mimi nimepita wa kwanza, ule wa yule anayeiba na kusema uongo ili msomaji asimwonee huruma. Sijui nilipita lini. Sikusikia mlango ukifunguka.

Na kukuita dada ningeshindwa. Sikuwa na uwezo huo tangu barua yako ya pili, ile ya mtoto aliyevaa miwani mara ya kwanza akauliza kama majani ya miti yalikuwepo siku zote. Ulisema mtu mwenye jambo angelisema mapema. Nilikuwa nalo jambo tangu siku ile, na kila nilipokaa kuliandika nilitia saini ya mtu mwingine.

Sikuombi usamehe. Wala sikuombi urudi. Lakini sijui kumaliza barua bila kueleza jibu lipelekwe wapi, kwa hiyo nieleze.

Kwa shangazi ninatoka kesho, chumba anakitaka mwanawe aliyeoa. Nitakuwa kwa kaka yangu, fundi redio, nyuma ya soko la nguo, nyumba ya tatu ukitokea upande wa mabomba, yenye ngazi za nje. Juu ya bahasha andika "Karani" tu; jina langu kaka hulitumia kwenye bili zake na bahasha zitachanganyika. Usipige simu ya pale. Kaka hupokea mwenyewe na hunipa nusu ya ujumbe. Kama ni matusi, yaandike yote, usifupishe. Kama huna la kuandika, tuma bahasha tupu, nitajua hii ilifika. Na ikitokea uko mjini kwa shughuli zako, panda ngazi usibishe mlango wa kaka, bisha wa pili, siku yoyote, saa yoyote. Sijapata kazi bado. Nitakuwa ndani.

Karani